Mavazi ya Sauli na Gitaa la Besi

Somo: 1 Samweli 17:38-40, 2 Wafalme 3:9-15, Luka 14:28-30

Jumapili mvua ilitukatiza, na mabati yetu yakishaanza kupigwa na mvua ya huku kwetu hata mhubiri hajisikii mwenyewe. Wengi mmeniomba niandike ujumbe mzima hapa, pamoja na ile sehemu ya mwisho ambayo ni waliokaa viti vitatu vya mbele tu walioisikia. Basi fungua 1 Samweli 17, soma mstari wa 38 hadi wa 40 kwanza, ndipo tuendelee.

Mara nyingi tukifika sura hii tunakimbilia Goliathi. Leo tukae nyuma kidogo, kambini kwa Waisraeli, Goliathi akiwa bado ng'ambo ya bonde anapiga kelele zake.

Sauli hakumpa Daudi takataka. Tuanze hapo, kwa sababu tumezoea kumfanya Sauli mbaya wa kila hadithi. Siku ile alitoa kilicho bora: mavazi yake mwenyewe, kofia ya shaba, vazi la vita, na upanga. Mfalme anamvika mchunga kondoo! Tena Daudi alikuwa anampenda. Sura ya 16 inatuambia alikuwa akimpigia kinubi Sauli akisumbuliwa na roho mbaya, na Sauli naye alimpenda sana akamfanya mbeba silaha wake. Kwa hivyo hii si zawadi kutoka kwa adui. Ni zawadi kutoka kwa mtu aliyemheshimu kuliko wote pale.

Na Daudi alivaa. Hilo ndilo nataka ulione. Hakujifanya mnyenyekevu akasema hapana mfalme wangu, sistahili. Alivaa, akajifunga upanga, halafu akajaribu kutembea. Kumbuka Sauli alikuwa mrefu kuliko Waisraeli wote, wengine walimfikia mabegani. Sijui vazi lile lilimfika Daudi wapi, lakini hatua chache zilitosha. Akasema hawezi kwenda nalo kwa sababu hajalizoea. Hakusema ni baya, wala hakusema Sauli amekosea kuvaa hivyo. Akavua, mfalme akiwa anamtazama.

Ndugu yangu, unajua ilivyo vigumu kuvua kitu ulichovishwa na mtu unayempenda? Ni rahisi kupigana na Goliathi. Goliathi humpendi.

Sasa niwaambie kwa nini mistari hii imenishika mwezi huu mzima. Ni kwa sababu ya gitaa la besi.

Kuna kijana katika timu yetu ya sifa, ana miaka 19, na amenipa ruhusa niseme habari zake bila kutaja jina. Kwa muda mrefu amekuwa akitazama kwenye simu video za mpiga besi anayeitwa Abraham Laboriel. Wengine hamlijui jina lakini mikono yake mnaijua. Ndiye aliyepiga besi kwenye albamu ya Ron Kenoly ya mwaka 1992, Lift Him Up, zile kanda ambazo makanisa mengi ya Kenya yalijifunzia kusifu miaka ile. Mimi nilikuwa mtoto, na kanda ya nyumbani kwetu ilichezwa mpaka ikaanza kulia kama mbuzi. Huyo mzee akipiga, anacheza, anacheka, anaruka, uso wake wote unaomba. Kijana akimpenda mtu kama huyo, mimi kama mchungaji namshukuru Mungu. Wako vijana wa rika lake wanaopenda vitu ambavyo siwezi kuviandika kwenye jarida hili.

Akanijia baada ya mkesha. "Pasta, nataka besi kama ile." Alikuwa na karatasi: jina la kampuni, rangi, bei ya duka moja la Nairobi, mpaka gharama ya kusafirisha. Nikasema huyu amejipanga. Nikamuuliza pesa zitatoka wapi. Akasema, "Bonasi ya Mama."

Wengi wenu ni wakulima, sihitaji kueleza. Mama yake ana nusu ekari ya chai. Ile unaamka alfajiri, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, unabeba mpaka kituo cha majani, unasimama foleni, karani anapima, anaandika. Malipo ya mwezi yanaisha kwa unga na sabuni. Kile kinachoitwa pesa kwa kweli ni bonasi ya Oktoba, na sisi wa Magharibi mwa Bonde la Ufa tunajua bonasi yetu ikisomwa redioni pamoja na ya wenzetu wa Mlima Kenya, ni afadhali kuzima redio. Hiyo ndiyo iliyokuwa inunue gitaa. Na nyuma ya huyo kijana kuna dada yake anayeingia sekondari Januari.

Nikafikiri mama amelazimishwa. Kumbe la. Alinijia mwenyewe siku ya pili yake, akasimama mlangoni pa ofisi bila kuketi, akasema: "Pasta, kama ni kazi ya Mungu, mimi siwezi kumzuia."

Wapendwa, hapo ndipo nilipoogopa. Kwa sababu mama akishasema ni kazi ya Mungu, hesabu imefungwa. Ukichanganya jina la Mungu na kitu unachokitaka, mtu anayekupenda hana tena mahali pa kusimama akuambie hapana. Jioni hiyo sikulala mapema. Nilifungua 1 Samweli 17 nikiuliza swali moja: huyu mtoto anavaa silaha yake, au anavaa ya Sauli?

Nilimwita tukakaa na simu yake, tukatazama video pamoja. Nikamwuliza maswali ya gitaa, akajibu yote. Anajua mbao, anajua rangi, anajua idadi ya nyuzi. Nikamwuliza, "Mkono wake wa kushoto umeuona?" Akasema ameuona mara mia. Nikamwambia utazame tena, kidole cha kuonyeshea.

Abraham Laboriel alipokuwa mtoto mdogo kwao Mexico alipata ajali akapoteza ncha ya kidole cha kuonyeshea cha mkono wa kushoto. Mnaojua gitaa mnaelewa maana yake: mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi, na kidole hicho ndicho cha kwanza kwa kila kitu. Baba yake alikuwa mpiga gitaa, akamfundisha gitaa hivyo hivyo. Alianza kama mwanafunzi wa gitaa la kawaida, na ni alipokuwa chuoni Berklee, kule Boston, ndipo akahamia besi. Baadaye akapiga kwenye maelfu ya rekodi za watu wengine. Maelfu. Majina ya waimbaji yako juu ya jalada, la kwake liko nyuma kwa maandishi madogo.

Kijana wangu alinyamaza. Alikuwa amemtazama mtu huyo kwa miezi na miezi, akajua bei ya gitaa lake, na hakuwa ameona kidole.

Simlaumu hata kidogo. Macho yetu sote huenda kwenye kile kinachong'aa, na gitaa linang'aa. Kidole kilichokatika haking'ai.

Hebu nitoe mfano mwingine, huu si wa kanisani lakini utanisamehe. Mnalisikia kundi la Beatles, la Uingereza. Mpiga besi wao, Paul McCartney, hakuanza na besi. Alikuwa na gitaa la kawaida. Mwaka 1961 walipokuwa wakipiga muziki Hamburg, Ujerumani, mpiga besi wao akaliacha kundi, na katika wale waliobaki hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Besi ilikuwa ya kusukumiwa mtu. Ikamwangukia yeye. Akaenda dukani akanunua besi ya Höfner, ile yenye umbo la fidla, na sababu alizozitaja baadaye ni mbili: ilikuwa bei nafuu, kama pauni 30, na kwa kuwa yeye hutumia mkono wa kushoto, umbo lile lenye pande mbili sawa halikuonekana limegeuzwa kichwa chini. Basi. Umaskini na mkono wa kushoto. Tangu siku hizo watu duniani kote, wengi wao wa mkono wa kulia na wenye pesa zao, wamenunua gitaa lile lile kwa sababu yeye alilipiga. Wamenunua jibu la swali ambalo si lao.

Nilipowaambia vijana hivi, mmoja alisema, "Pasta, hao ni wazungu, sisi ni watu wa chai." Sawa. Twende Kapkatet.

Kapkatet mnaijua wote, hapo baada ya Litein ukielekea Sotik. Mwaka 1950 alifika pale Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi akikusanya nyimbo. Akawakuta Wakipsigis wanaimba habari za mtu anayeitwa Chemirocha. Huyo Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyepiga gitaa, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku kwetu. Jina lilipita kwenye ulimi wa Kipsigis likatokea na "Che" mbele, kama binti wa Bureti. Wazee wetu walimpenda mgeni mpaka wakampa jina la kike, na hakuna aliyewaambia wamekosea.

Walichokuwa nacho ni sauti peke yake. Hawakujua kwamba Jimmie Rodgers alikuwa amekufa miaka 17 kabla, Mei 1933, kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 35. Siku zake za mwisho za kurekodi, New York, alikuwa anajilaza kitandani kati ya wimbo na wimbo ili apate pumzi. Mimi niko karibu na umri huo, na nikisoma hayo nanyamaza. Kapkatet hawakuyajua. Na ukiwa na sauti ya mtu bila maisha yake, lile pengo lazima ulijaze na kitu. Tracey aliandika kwamba wasichana walimwimba Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Msicheke. Sisi tuna video, tuna simu, tuna kila kitu, na bado waimbaji na wahubiri wetu tunawafanya nusu mtu nusu malaika, tukasahau kuuliza wanakohoa usiku au hawakohoi.

Lakini angalieni jambo walilofanya vizuri wasichana wale. Wimbo wao haukusubiri gitaa. Hakuna aliyeuza ng'ombe wa baba ili anunue kama la Chemirocha. Walipendezwa na mgeni, halafu wakarudi kwenye chepkong, ile ala ya nyuzi waliyoizoea tangu utotoni, na kwa sauti zao wenyewe wakatoa kitu ambacho Rodgers hangeweza kukitoa. Rekodi hiyo ipo mpaka leo, imehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, na watu wa mbali ambao hawajui Kapkatet iko wapi wanaisikiliza. Miaka ya karibuni nakala zimeletwa huku zikarudishwa kwa jamii. Sisemi wimbo ule ni wa ibada, tuelewane. Nasema wale walimpenda mtu mpaka mwisho na bado wakatembea na miguu yao.

Sasa kuna mwenzangu ataniuliza, na ni swali zuri: Pasta, kwani Elisha hakuchukua vazi la Eliya? Alichukua. Na maji yakagawanyika. Kwa hivyo siwezi kuhubiri kwamba kuchukua chombo cha mtu unayempenda ni dhambi. Biblia yenyewe itanikataa.

Soma 2 Wafalme sura ya 3. Wafalme watatu wamekwama jangwani bila maji, Yehoshafati anauliza kama kuna nabii. Mtumishi mmoja anajibu kwamba yuko Elisha. Na anamtambulishaje? Vazi analo tayari. Yordani imeshagawanyika, watu wameona. Ungetegemea aseme, yuko yule mwenye vazi la Eliya. Hakusema hivyo. Alimtambulisha kama mtu aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi. Hiyo ndiyo CV ya Elisha: jagi na beseni. Nyumba nyingi huku kwetu kabla ya chakula mtoto huzunguka na jagi akimimina maji, na hakuna mgeni anayekumbuka ni mtoto gani. Elisha alikuwa mtoto huyo, mtu mzima mwenye ng'ombe za kulimia kwao. Vazi lilimwangukia mtu ambaye mikono yake ilikuwa imeshalowa.

Tena katika sura hiyo hiyo, mstari wa 15, Elisha anaomba aletewe mpiga kinanda, na mpigaji alipopiga, mkono wa Bwana ukaja juu ya nabii. Majeshi ya wafalme watatu yaliponea hapo. Huyo mpigaji hatujaambiwa jina lake. Kinanda chake hatujaambiwa alikinunua wapi. Wanamuziki wa kanisa hili, mkifika mbinguni mtafuteni, nadhani mtakuwa na mengi ya kuongea.

Nirudi kwenye hesabu, kwa sababu mnajua nilisomea biashara na mnanitania kwamba nahubiri na kikokotoo mkononi. Yesu ndiye aliyeanza. Luka 14: mtu anayetaka kujenga mnara, kwanza anaketi. Neno linalonipendeza hapo ni kuketi. Mama yule hakuketi mlangoni kwangu. Alisimama, kama mtu ambaye uamuzi umeshapita.

Basi tuketi kwa niaba yake. Gitaa la besi haliendi peke yake. Linataka amplifaya, waya, mkoba, mkanda, na nyuzi za akiba. Na kuna jambo ambalo kijana hakulijua: uzi mnene wa besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita nane. Spika ya simu haiwezi kabisa kutoa sauti ya chini namna hiyo. Unachosikia kwenye simu ni sauti za juu juu za uzi ule, akili yako inajaza zilizobaki. Maana yake, kijana wangu kwa miezi yote ile alikuwa anaitazama besi. Kuisikia hasa bado. Na spika zetu mbili ndogo hapa kanisani nazo ukizisukuma zitoe sauti hiyo, zitapasuka. Kwa hivyo karatasi yake ya bei ilikuwa na sehemu moja tu ya gharama. Sehemu nyingine ingekuja kwenye kamati, na kamati ingekuja kwenu na bahasha.

Wakulima mnaelewa haraka. Mwaka 2011 watafiti wa hapa hapa Kericho walitoa mche wa chai ya zambarau, TRFK 306. Mche mzuri, nimeuona kwa macho. Lakini wako waliopanda kwa sababu jirani amepanda, kabla ya kwenda kuuliza kiwanda chao kama kitaipokea kando na chai ya kawaida. Mche haukuwa na kosa. Swali ndilo halikuulizwa.

Kwa hivyo tulifanyaje?

Kwanza nilimwita mama, safari hii nikamwekea kiti na chai. Nikamwambia mbele ya kijana wake, na nasema mbele yenu ili kila mama wa kanisa hili asikie: kukataa kununua gitaa si kumkataa Mungu. Mungu hajatuma ankara kwa jina lako. Bonasi ni ya nyumba yako, wewe ndiye uliyeinama kwenye mistari ile ya chai, na ukiamua yote iende kwa karo ya binti, hakuna malaika atakayenuna. Alilia kidogo. Kijana naye alikuwa anatazama sakafu, na naamini hakuwa amewahi kufikiri kwamba mama alikuwa anaogopa.

Pili, lile gitaa la besi la zamani. Mnalikumbuka, la nyuzi nne, lililonunuliwa kwa mkono wa pili enzi ya mchungaji aliyenitangulia. Aliyekuwa analipiga alioa akahamia Nakuru, tangu hapo limekaa kabatini. Kijana alikuwa analijua na hakuwahi kuligusa. "Pasta, lile halina sauti." Fundi mmoja wa mjini amelitazama: msumari mmoja wa kukazia uzi ulikuwa umeshika kutu, na shingo ilikuwa imepinda kidogo kwa unyevu wetu huu. Amelinyoosha. Tumekubaliana miezi sita. Kwa miezi hiyo atapiga lile, atakuja kabla ya wengine kubeba spika, na atawasindikiza watoto wa shule ya Jumapili, ambao huimba kila wimbo kwa ufunguo watakao wao na hawana huruma. Baada ya hapo kama bado anataka besi, ataniambia mwenyewe anataka ipi na kwa nini, na tutaketi na kamati. Na kama miezi sita itamwonyesha kwamba mikono yake ni ya ngoma, au ya kufundisha, au sauti ile ya tatu ambayo nimemsikia akiimba akidhani hakuna mtu, basi atavua mfalme akimtazama. Hata hiyo nitaihesabu ushindi, ingawa yeye kwa sasa haipendi nikisema hivyo.

Hakufurahi siku ya kwanza. Wiki ya kwanza alikuja na malengelenge kwenye vidole, akanionyesha kama mtu anayenionyesha ankara. Nikamwambia hongera.

Jumatano iliyopita nilipita kanisani jioni kuchukua vitabu vya zaka. Umeme ulikuwa umepotea, kama kawaida mvua ikinyesha. Nikasikia uzi mmoja unapigwa taratibu gizani, bila amplifaya, sauti ndogo kama ya mtu anayegonga mlango wa jirani. Alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma na taa ya simu. Mkono wa kushoto, kidole cha kuonyeshea, alikuwa amekifunga kwa plasta mpaka hakikunji. Nikamwuliza umejikata? Akasema hapana, Pasta, anataka kujua mzee yule anapitaje pale.

Sikumwambia kitu. Nilichukua vitabu nikaenda.

Mazoezi ya timu ya sifa ni Jumamosi saa nane mchana. Wanaojua kushika kipaza sauti ni wengi. Tunahitaji wawili wa kubeba spika. Ufunguo wa kabati uko kwa shemasi wa zamu.